Hadi Ishirini

Lipangalala, Ifakara
9 Mei 2024

Mpwa wangu Odilia,

Naanza na afya maana najua ndiyo utakayoitafuta kwanza. Sisi wazima. Goti langu linalalamika mvua ikikaribia, na mvua ya mwaka huu haikuwa na adabu, ilitaka kuingia jikoni bila kubisha hodi. Masikio ni yale yale. Fausta ananiuliza nitayapeleka hospitali lini, namwambia mashine ya kukoboa mpunga ilishayala siku nyingi, sasa daktari atatibu nini? Ndiyo maana nakuandikia. Ukinipigia simu nasikia kama mtu anakaanga samaki. Na zile meseji za maneno matatu sizipendi, zinafanana na mtu anayekimbizwa. Barua hii nampa Dionisi, kondakta wa basi, utamkuta stendi kama kawaida yenu.

Mjukuu wangu Teofili ameota meno? Mwambie babu yake yanamtoka, kwa hiyo tutakutana katikati.

Haya, la maana. Fausta amerudi nyumbani. Alikuja Pasaka kunisalimia tu, akakuta sufuria imeungua mpaka kitako kimetoboka na jirani amevunja mlango akidhani nimekufa ndani. Mimi nilikuwa uani nachambua mchele, sijui hili wala lile. Basi mtoto akaomba ruhusa kazini, akasema akipata kazi huku harudi tena Dodoma kwenye ile kazi yake ya mapokezi. Akasema, "Baba, mtu asiyesikia mlango ukigongwa halali peke yake." Nikajifanya nimekasirika, lakini wewe unanijua.

Amepata kazi ya kufanyia hapa hapa nyumbani, kuwafundisha wageni Kiswahili kwa kompyuta, wao huko kwao naye huku. Masomo ni ya jioni. Wenye kazi wanataka intaneti ya nyumbani yenye kasi isiyoshuka chini ya megabiti tano saa hizo za jioni. Ikishuka, mwalimu anaondolewa. Na kama bahati, kampuni yenu imesimamisha bango pale kwenye mnara: intaneti ya nyumbani, kasi hadi 20.

Ninachouliza ni hiki. Mnajuaje kasi ya nyumba ambayo hamjawahi kuikanyaga? Hapa hakuna mtu aliyeingia na mita. Fausta anasema tusubiri kwanza, nami sikumaliza kumsikiliza, nikamwambia tusubiri nini wakati ndugu yako Odilia ndiye anayepiga hizo hesabu? Nijibu upesi.

Fausta anakusalimu sana. Tunakusalimu sote.

Mjomba wako,
Stanislaus

*

Dar es Salaam
22 Mei 2024

Mjomba wangu mpendwa, shikamoo.

Barua yako nimeipata ikiwa na alama ya kidole cha Dionisi na harufu ya ndizi. Sisi hatujambo. Teofili ana meno mawili na ameshayatumia kuning'ata. Pole kwa sufuria, na pole zaidi kwa mlango. Nilipofika pale pa jirani kuvunja mlango nilikaa chini kwanza. Mama yangu alipofariki mlango huo ndio ulionipokea, na wewe ndiye uliyeufungua.

Nakujibu swali lako. Kweli hatuingii nyumba kwa nyumba. Tunachukua vipimo vya watu walio jirani na mnara, na kila kipimo kina mahali pake na saa yake. Tunaangalia nyumba iko umbali gani na kuna nini katikati: mitiki, ukuta mnene, ghorofa. Kisha tunatenga vipimo vya jioni, saa mbili mpaka saa nne, kwa sababu ndipo kila mtu yuko nyumbani na kila mtu anataka kutumia. Mnara ni kama mashine yako ya kukoboa. Nguvu yake ni ile ile, lakini wenye magunia wakijaa, kila mmoja anangoja. Vile vipimo vya jioni tunavipanga kuanzia cha chini kabisa mpaka cha juu kabisa, halafu tunachukua cha katikati. Nusu ya nyumba zitapata zaidi ya hapo, nusu zitapata pungufu. Hayo ndiyo makadirio.

Ishirini ya kwenye bango ni ya wenye bahati, Mjomba. Neno la kuangalia pale ni "hadi". Hadi ni dari, siyo sakafu. Kwa mtaa wenu, cha katikati kilitoka kumi na nne. Vipimo vyenyewe ni vya mwezi wa tatu na wa nne, vibichi kabisa.

Kumi na nne ni zaidi ya tano mara mbili, kwa hiyo mwambie Fausta achukue. Tangu nisome kwamba amerudi kukaa na wewe nalala usingizi wangu wote. Kuna jambo nilitaka kuongeza kuhusu hivyo vipimo, ila naandikia hapa stendi na dereva keshawasha gari, Dionisi ananiangalia vibaya. Nitaliandika safari nyingine.

Mpwa wako,
Odilia

*

Lipangalala, Ifakara
30 Juni 2024

Odilia, mtoto wa dada yangu,

Tumsifu Yesu Kristo, na wewe utaitikia huko huko. Goti limenyamaza. Mtaa nao umenyamaza, ndivyo wanavyoniambia, kwangu mimi kila siku ni kimya. Watu bado wako bondeni na mpunga, mwaka huu umechelewa kukauka. Mashamba yetu ya Michenga nimewapa Wasukuma walime, sina goti la kukaa kwenye dungu kufukuza ndege.

Sasa nikupe furaha. Kisanduku cha intaneti kimefungwa! Kina taa nne za kijani. Fausta anafundisha kila jioni sebuleni. Nakaa nyuma yake kwenye kiti changu, sisikii kitu, lakini unajua nilivyozoea kusoma midomo. Kuna mzee mmoja wa Ujerumani ana masharubu, ananipa tabu. Juzi nimemsoma akisema "kuku wangu amelala" na nikacheka peke yangu mpaka Fausta akanigeukia. Anasema nimekuwa mwanafunzi wake asiyelipa ada.

Wenye kazi wamemwandikia kumsifu. Ameshaandika barua ya kuacha kazi Dodoma, sasa ni wetu kabisa. Anapika, ananigombeza, anaficha chumvi. Sijashiba hivi tangu marehemu mke wangu.

Nami nimekutangaza! Baada ya misa nilisimama nikawaambia, ile hesabu ya kumi na nne kaipiga mpwa wangu, mtoto wa Merina, aliyekulia kwenye pumba za mashine yangu. Watu kadhaa wamejiandikisha kwa kuliamini jina lako. Wanangoja tu kumaliza mavuno.

Ulisema una jambo la kuongeza. Ongeza basi.

Fausta anakusalimu, anasema ana deni lako la kanga. Tunakusalimu.

Mjomba wako

*

Dar es Salaam
21 Julai 2024

Mjomba, shikamoo.

Nisamehe kwa barua fupi. Teofili alikuwa na homa, ameshapona. Nimefurahi kuhusu Fausta na yule mzee wa kuku.

Nauliza tu, hakuna neno: watu wameanza kurudi kutoka bondeni? Mwambie Fausta awe anaangalia namba za jioni, hasa wakisharudi. Na Mjomba, tafadhali, usinitangaze sana kanisani.

Lile jambo silikumbuki vizuri. Halikuwa kubwa.

Odilia

*

Lipangalala, Ifakara
27 Agosti 2024

Mpwa wangu,

Huku hatujambo, goti halijambo, yote hayajambo. Nasema hivyo ili nimalize salamu, maana nina haraka.

Watu wamerudi. Mtaa umejaa, mpunga umeuzika, kila nyumba ina simu mpya na kila siku kuna harusi. Ikifika saa mbili jioni kila mtu anafungua chake, huyu mpira, yule picha za sherehe. Na kisanduku chetu kimekata pumzi. Taa zote nne zinawaka, lakini namba Fausta anayoniandikia kwenye karatasi ni mbili. Jana moja na nusu.

Yule mzee wa Ujerumani aliganda mdomo wazi. Mimi nikadhani kapatwa na kiharusi. Nikamshika Fausta bega, nikapiga kelele, "Mzee wa watu anakufa!" Kumbe ni mtandao. Siku hiyo tulicheka. Siku zilizofuata hatukucheka. Fausta ameweka kisanduku dirishani, ameweka juu ya kabati, amekitundika kwenye msumari wa picha ya mama yako. Mimi nilipanda ngazi niangalie kama bati ndilo linalozuia, akanishusha kwa ukali ambao sijawahi kuuona kwake. Kisha akakaa kwenye ngazi ya mlango, akajifunika uso kwa upande wa kanga. Wenye kazi wamempa onyo. Likija la pili, basi.

Wale niliowatangazia wananiuliza. Jumapili nimekaa benchi la nyuma.

Wewe ulisema kumi na nne. Siulizi kwa ubaya, Odilia. Nauliza kwa sababu wewe ndiye unayejua. Tufanye nini? Na ni lipi lile jambo ulilotaka kuongeza ukaja ukalisahau? Dionisi nimemwambia angoje jibu lako hapo hapo stendi.

Fausta anakusalimu.

Mjomba wako

*

Lipangalala, Ifakara
6 Oktoba 2024

Odilia,

Dionisi anasema barua alikupa mkononi, ukaisoma umesimama, ukamwambia utampa jibu kesho yake. Anasema kesho yake hukuja. Labda mtoto aliugua tena. Labda kazi.

Sisi tupo. Joto limeanza, watu wanachoma mabua. Nimepunguza uji, naona bakuli moja linatosha kutwa.

Lile la mtandao usilitie moyoni, ni vitu vya mashine.

Fausta anakusalimu.

Stanislaus

*

Dar es Salaam
17 Novemba 2024

Mjomba wangu, shikamoo. Shikamoo tena.

Sisi wazima. Teofili anatembea, anaanguka, anainuka, anajipigia makofi. Hakuwa akiumwa tena. Sikuandika kwa sababu niliona aibu, na aibu hiyo nimekaa nayo mpaka imenizidi. Kila jioni nikipita njia ya stendi nazunguka mtaa wa pili ili Dionisi asinione. Mtu mzima nazunguka mtaa!

Lile jambo nalikumbuka. Sijawahi kulisahau hata siku moja.

Siku tuliyopitisha makadirio ya Ifakara tulikuwa mezani na ramani kwenye kioo kikubwa. Miji yenye kasi nzuri inawekwa kijani, mibaya nyekundu. Ifakara ikaja kijani. Mkuu wangu akasema, "Odilia, kwenu kumekuwa mjini!" Wenzangu wakacheka, nami nikacheka. Lakini nilikuwa nimeona tarehe. Mwezi wa tatu na wa nne, Mjomba! Mle ndani hakuna mwingine aliyewahi kulala kwenye dungu. Hawajui kwamba miezi hiyo mitaa yetu imehamia bondeni, nyumba zina kufuli, kuku wameachiwa majirani. Mnara ulikuwa unahudumia watu wachache waliobaki, na mimi nikaandika kumi na nne kama vile mji mzima ulikuwa nyumbani. Kompyuta yetu inajua kutenganisha mchana na jioni. Haijui msimu wa shamba mpaka mtu aiambie. Wa kuiambia nilikuwa mimi, nikafunga mdomo.

Nilijiambia ni kwa sababu nilitaka kwetu kuonekane. Ningependa ibaki hivyo, maana ni sababu nzuri. Lakini ulipokuja kuniuliza wewe, mtu mmoja, kuhusu nyumba moja, bado sikukuambia, na hapo hapakuwa na ramani wala mkuu wa kazi. Ukweli ni kwamba niliposoma habari ya ule mlango uliovunjwa, kitu cha kwanza nilichofikiria ni kwamba sasa nitatakiwa kurudi. Wewe ndiye uliyenilea, na zamu ilikuwa yangu kama ilivyo ya Fausta. Nikaona Fausta akikaa, mimi naponea hapo. Nilimtuma achukue kisanduku ili mimi nibaki Dar. Nimeliandika.

Mwezi wa tisa niliwaambia ofisini, tukapima upya watu wakiwa nyumbani. Cha katikati cha jioni kimetoka tatu. Makadirio yamebadilishwa, bango litaondolewa. Kwenye ramani sasa Ifakara ni nyekundu. Mkuu aliniuliza kwa nini sikusema mapema. Lakini niliotakiwa kuwapa jibu ni wewe na Fausta.

Naomba umpe Fausta barua hii aisome mwenyewe. Kama hataki kunisalimia, ana haki. Kazi yake bado ipo? Wamempa onyo la pili?

Nikija Krismasi nitakaa hadi wiki mbili, tuzungumze uso kwa uso.

Mpwa wako asiyestahili,
Odilia

*

Lipangalala, Ifakara
9 Februari 2025

Mpwa wangu Odilia,

Marahaba. Marahaba kwa zote mbili. Teofili mpigie makofi kwa niaba yangu. Goti linaniruhusu kufika kanisani na kurudi, na nimerudi benchi la katikati.

Krismasi imepita. Hadi wiki mbili! Hadi hiyo sasa naijua, ni ndugu yake ile ya kwenye bango. Nacheka, usinune. Najua likizo hazitolewi kama karanga. Lakini nilinunua kuku, halafu nikamwachia aendelee na maisha yake.

Fausta hawezi kuisoma barua yako, mwanangu, kwa sababu hayupo. Onyo la pili lilikuja, na wiki ile ya sikukuu ya Msalaba, mwezi wa tisa, akaondoka. Dodoma nafasi yake ilishachukuliwa, amepata hoteli huko Kahama. Nilipokuandikia mwezi wa kumi kwamba anakusalimu, nyumba ilikuwa na mimi na panya. Sikutaka kukuambia. Nilijua utajilaumu, na ukijilaumu wewe, itabidi nami niseme langu. Basi acha niseme, maana wewe umetangulia.

Unakumbuka nilikuandikia kwamba Fausta alitaka tusubiri, na kwamba sikumaliza kumsikiliza? Nilimwelewa vizuri kabisa. Alinikalia mbele, akaninyooshea uso ili nisome midomo, akasema, "Baba, tusubiri watu warudi kutoka shambani ndipo tuone kama inatosha." Nikageuza uso. Kiziwi akitaka kushinda ubishi hahitaji maneno, anageuza uso tu. Halafu nikamtupia jina lako, nikamwambia unamtilia shaka ndugu yako?

Na mimi ndiye mwenye mashine, Odilia! Miaka yote ile, mtu akiniletea mpunga mwezi wa tatu nilimwambia keti hapo unatoka sasa hivi, na akiuleta mwezi wa saba nilimwambia arudi keshokutwa. Hakuna wa kunifundisha kuhusu foleni. Nilijua, nikaogopa kwamba tukisubiri mpaka Agosti Fausta atakuwa amesharudi Dodoma na mimi nimebaki na sufuria zangu. Nikamwachisha kazi aliyokuwa nayo ili nisilale peke yangu. Wewe ulimtuma akae ili usije, mimi nilimzuia ili asiende, na katikati yetu ndiye aliyeumia. Kwa hiyo sikuandikii kwamba nimekusamehe. Nikishakusamehe wewe, mimi nani atanisamehe? Mwandikie mwenyewe. Anuani nimeiweka nyuma ya karatasi.

Sasa sikiliza kioja. Watu wamekwenda bondeni tena, mtaa mtupu, kufuli kila mlango. Juzi akaja kijana wenu wa ufundi, Clinton, kuchukua kisanduku. Akasema kwanza apime. Akapima mara mbili, akanionyesha kioo cha simu yake. Kumi na tisa. Saa mbili jioni! Nikamwambia amwandikie mpwa wangu kwamba hesabu yake ilikuwa sahihi, ilikosa watu tu. Hakuelewa.

Fausta huwa ananipigia kila Jumapili. Naona jina lake linawaka kwenye simu yangu ya vitufe, napokea, nasema yangu, nakata. Clinton akaniuliza kwa nini nisimwone uso. Akaunganisha simu yake na kile kisanduku, akampigia, na mtoto akatokea mzima mzima, amevaa sare ya hoteli, amekonda. Hakuganda hata mara moja. Nimemsoma neno kwa neno. Akauliza, "Baba, umekula?" Nikasema nimekula. Sikuwa nimekula. Akauliza, "Odilia anakuja lini?" Safari hii sikugeuza uso. Nikamwambia sijui.

Nimemwomba Clinton asikichomoe kwanza. Kitakuwa na nguvu mpaka watu warudi kutoka shambani, na amesema atakuwa anapita na simu yake.

Barua zangu nimezoea kuzifunga kwa kuandika tunakusalimu. Hata hii nilishaandika hivyo, nikafuta, ndilo hilo doa unaloliona hapa chini. Nakusalimu.

Mjomba wako,
Stanislaus